Mama Aliyenyonyesha na Kisu cha Urembo

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake wote. Amma baad.



Darsa hii niliitoa kwa akina dada peke yao baada ya sala ya Alasiri hapa Kibuli. Wahariri wakaniomba niiandike. Nilisita, kwa sababu jarida hili linasomwa na kaka zetu pia, na jambo lenyewe linahusu sehemu ya mwili ambayo hatuitaji mbele za watu. Kisha nikakumbuka kwamba Ummu Sulaym (r.a.) alimwuliza Mtume (s.a.w.) swali la siri kuliko hili huku wengine wakisikia, na kwamba Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa sababu haya yao haikuwazuia kujifunza dini. Isitoshe, kwa jinsi ninavyoona, nusu ya tatizo hili linatoka kwa wanaume. Basi na wasome.

Ninaandika kwa Kiswahili, ingawa darsa nyingi za hapa kilimani ni za Kiluganda, kwa kuwa wengi wenu mmetoka Mombasa, Tanga, Unguja na Bukavu, na hamjui hata neno la kuombea maji.

Swali lilitoka kwa dada anayesoma shahada ya uzamili. Ameniruhusu nilieleze bila kumtaja. Ana miaka 31 na watoto watatu, na wote aliwanyonyesha karibu miaka miwili kila mmoja. Mume wake anafanya kazi Ghuba na atakuja likizo baada ya kukosekana nyumbani miaka miwili. Dada huyu ana akiba aliyoiweka mwenyewe kutoka kwenye mshahara wake wa ualimu, na ni hiyo hiyo inayotakiwa kumalizia ada yake. Alipokuja kwangu alinisalimia, akakaa kimya muda mrefu, halafu akasema: “Mama, nikifanyiwa upasuaji wa kuinua matiti, nitakuwa nimebadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu, au nitakuwa nimerudisha yale aliyonipa?”

Nilimwambia arudi baada ya siku tatu. Swali lililoulizwa vizuri namna hiyo halifai kujibiwa kwa haraka ya neno moja, haramu au halali, kama tunavyorushiana kwenye simu.

Kabla ya hukumu tujue kinachohukumiwa, maana mufti asiyejua tukio hawezi kulitolea fat-wa. Mimba inapoingia, tezi za maziwa hukua na ngozi ya titi hutanuka kulipisha. Mtoto akishaachishwa ziwa, tezi hunywea lakini ngozi hairudi yote, wala nyuzi zinazolishikilia titi kwa ndani. Kwa hiyo linashuka. Wengi wenu mmefundishwa kwamba kinacholiangusha titi ni kunyonyesha, na nimewasikia mabinti wanaosema wakiolewa watampa mtoto maziwa ya kopo wabaki na umbo lao. Hilo halina msingi. Daktari mpasuaji Brian Rinker na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, walichapisha mwaka 2008 utafiti waliowafanyia wanawake waliowahi kushika mimba. Walikuta kwamba kulegea kwa titi kunakwenda na umri, idadi ya mimba, unene, ukubwa wa titi kabla ya mimba na uvutaji wa sigara. Kunyonyesha hakukuongeza kitu. Binti anayemnyima mwanawe ziwa kwa hofu hiyo atakuwa amemnyima haki yake bure, na umbo litabadilika vile vile.

Upasuaji wenyewe hufanywa chini ya nusukaputi. Mpasuaji hukata kuzunguka duara jeusi la chuchu, mara nyingi akateremka hadi chini, na wakati mwingine akafuata mkunjo ulio chini ya titi. Ngozi iliyozidi huondolewa, chuchu ikapandishwa, nyama ikashonwa upya. Makovu hubaki maisha yote, ingawa hufifia. Chuchu inaweza kupoteza hisia, na mirija ya maziwa inaweza kukatwa, mama asiweze kunyonyesha tena kama zamani. Akishika mimba nyingine titi hushuka tena, na ndiyo maana madaktari waaminifu humwambia mwanamke asubiri amalize kuzaa na apitishe miezi kadhaa tangu aachishe. Wanaojaza kwa mfuko wa silikoni wana jambo la ziada: mfuko huo si wa kudumu. Huja siku ukapasuka au ukakazana, na lazima urudi kisuni. Mnakumbuka, au waulizeni wakubwa zenu, kiwanda cha PIP cha Ufaransa kilichofungwa mwaka 2010 baada ya kugundulika kwamba kilikuwa kikijaza mifuko hiyo silikoni ya viwandani. Mamia ya maelfu ya wanawake duniani walikuwa wameibeba vifuani. Na hapa jirani, Nairobi, mwezi Oktoba 2024 mwanamke alifariki baada ya upasuaji wa urembo, na baraza la madaktari la Kenya likaifunga kliniki iliyohusika.

Sisemi haya kuwatisha. Kila upasuaji una hatari, hata wa kumtoa mtoto, na tunaukubali. Ninayasema kwa kuwa fiqhi hupima faida kwa hasara, na mtu hawezi kupima asichokijua.

Sasa tuje kwenye dalili.

Katika Sura An-Nisaa, aya ya 119, Mwenyezi Mungu anatueleza ahadi ya Ibilisi, kwamba atawaamrisha watu nao watabadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu. Na Ibn Masud (r.a.) amepokea, katika Bukhari na Muslim, laana juu ya wanawake wanaochanja chale za rangi mwilini, wanaong'oa nyusi na wanaochonga mianya ya meno kwa ajili ya uzuri, wakibadilisha aliyoyaumba Mola wao. Wanaokataza upasuaji huu husimama hapa, na wana haki ya kusimama. Lakini Imamu Nawawi, ambaye sisi Mashafii wa Afrika Mashariki tunakula kwenye sahani yake, alipoifafanua hadithi hiyo alilishika lile neno “kwa ajili ya uzuri”. Akasema kilichokatazwa ni kinachofanywa kutafuta uzuri. Ama mtu akihitaji kuchonga jino kwa matibabu, au kwa sababu lina kasoro, hapana ubaya. Basi mlango haujafungwa kwa kufuli. Unaulizwa unaingia kutafuta nini.

Halafu kuna matukio mawili ya zama za Mtume (s.a.w.) ambayo, ukiyaweka pamoja, yanaonekana kama yanapingana, na mimi nimekaa nayo siku zote tatu nilizomwomba yule dada.

La kwanza ni la Arfaja bin As'ad (r.a.). Alikatwa pua katika vita vya Kulab, kabla ya Uislamu. Akajitengenezea pua ya fedha, ikaanza kunuka. Mtume (s.a.w.) akamwamrisha atengeneze ya dhahabu. Tazama: dhahabu ni haramu kwa mwanamume, na bado akaamrishwa. Wamepokea Abu Daud, Tirmidhi na Nasai.

La pili ni la bibi harusi wa Kiansari. Nywele zake zilinyonyoka. Mama yake akaenda kwa Mtume (s.a.w.) akamweleza kwamba mume wa binti ndiye aliyemtaka amuungie nywele. Mtume (s.a.w.) akakataa, akataja laana ya wenye kuunganisha nywele. Bukhari ameiweka hadithi hii katika kitabu cha ndoa, chini ya mlango unaosema mke hamtii mumewe katika maasi.

Wote wawili walipoteza kitu walichokuwa nacho. Hakuna aliyekuwa akitafuta kuwapita wenzake. Kwa nini mmoja akapewa dhahabu na mwingine akanyimwa nywele? Maulamaa wametoa sababu kadhaa, na inayotajwa zaidi ni kwamba kuunganisha nywele kuna udanganyifu ndani yake. Mimi nina ufahamu wangu mdogo, na mwenye elimu zaidi anisahihishe. Pua iliyokatwa ni jeraha. Hairudi, kila anayekutana nawe huiona, na ile ya fedha ilikuwa ikimuudhi mwenyewe na walio karibu naye. Kunyonyoka nywele ni hali inayowapata watu na wakaishi nayo. Kinachouma hapo ni jicho la mwingine, na katika hadithi hii jicho hilo limetajwa: ni la mume.

Sasa jiulizeni, titi lililoshuka baada ya watoto watatu linafanana na lipi?

Nitalijibu kwa sehemu, kwa sababu hali zinatofautiana, na dada anayesoma asichukue jibu la jirani yake.

Aliyekatwa titi kwa saratani, huyu ni Arfaja mtupu. Taasisi ya Saratani iliyopo Mulago inawapokea wanawake wengi ambao mwisho wa matibabu yao ni kuondolewa titi lote. Baraza la Kimataifa la Fiqhi, lililo chini ya Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu ambayo Uganda ni mwanachama wake tangu 1974, lilikaa Putrajaya, Malaysia, mwezi Julai 2007 na kutoa azimio namba 173 juu ya upasuaji wa kurekebisha umbo. Kuunda upya titi lililoondolewa limetajwa humo waziwazi kuwa linafaa. Ufundi huo ndio huo huo unaowarudishia midomo watoto waliozaliwa nayo imepasuka, na ngozi waliounguzwa kwa tindikali wanaotibiwa pale Kiruddu. Mtu asiwaambie hao subira tu. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu.

Wa pili ni mwanamke mwenye matiti mazito kupita kiasi. Huyu hateswi na kioo. Anaumwa shingo na mgongo, mikanda ya sidiria imemchimba mabega, chini ya titi ngozi inachubuka na kutoa harufu kila msimu wa joto. Mara nyingi mimba ndiyo iliyomfikisha hapo. Azimio lile lile limemtaja: titi likifikia ukubwa unaoleta ugonjwa, linaweza kurekebishwa. Nasikitika kwamba dada kama huyu ndiye anayeona haya kwenda hospitali, akidhani ataambiwa anatafuta urembo, wakati mwenzake asiye na maumivu yoyote ameshaweka miadi.

Wa tatu ndiye mwuliza swali wetu. Hana maumivu, hana ugonjwa. Matiti yake yamekuwa kama yalivyo ya mama zetu wote. Hapa wapo maulamaa wa zama hizi wanaoruhusu, wakisema kwamba kurudisha hali ya kabla ya uzazi ni kuondoa kasoro wala si kuongeza uzuri, na kwamba mke kujipamba kwa mumewe ni ibada. Hoja yao ina uzito na siidharau. Wanaokataza wanasema hali inayowafikia karibu wanawake wote wanaozaa haiwezi kuitwa kasoro. Kasoro ni kile kinachotoka nje ya kawaida ya watu, na azimio la 2007 limekataza upasuaji unaobadilisha umbo la kawaida kwa kufuata matamanio na kuiga wengine.

Mimi nimeegemea kwa hawa wa pili, na sababu yangu kubwa haikutoka kwenye mlango wa urembo. Imetoka kwenye mlango wa diya.

Fungueni vitabu vya fiqhi ya Shafii, mahali panapoelezwa malipo ya viungo vilivyoharibiwa. Mtakuta kwamba anayekata chuchu mbili za mwanamke analipa diya yake kamili, kama aliyemuua, na chuchu moja ni nusu. Kwa nini? Mafakihi wamesema: kwa kuwa manufaa ya kunyonyesha yanakaa hapo. Hawakutaja umbo wala mvuto. Walitazama kazi, wakaipandisha thamani hadi ya uhai. Na maziwa hayo hayo, mtoto akinyonya mara tano kabla ya miaka miwili, yanamfanya awe mwana wa mtu asiyemzaa na ndugu wa watu asiowajua, haramu kuwaoa. Hakuna kiungo kingine cha mwili kinachojenga ukoo kwa namna hiyo. Sasa rudini kwenye hatari nilizotaja: hisia ya chuchu na mirija ya maziwa. Kile ambacho sharia imekiwekea bei ya nafsi ndicho kinachowekwa rehani, na kinachotafutwa ni jinsi titi linavyoonekana. Kwa mwanamke ambaye bado anatazamia kuzaa, sioni mizani inayolikubali hilo.

Nikamwuliza dada yetu: umemaliza kuzaa? Akacheka. Akasema mume wake anataka wa nne akija. Basi hata daktari asiye Mwislamu angemwambia subiri.

Lakini nisiwe kama mtu anayetoa fat-wa na kuondoka. Dada huyu alilia mbele yangu, na machozi yake hayakuwa ya mchezo. Aliniambia tangu mtoto wa pili havui nguo taa ikiwa inawaka. Kuna maumivu ya nafsi ambayo sharia inayatambua, na azimio la Putrajaya limeyataja, ila limeyafunga na ulemavu unaoyasababisha. Maumivu yanayotokana na kujilinganisha hayatibiwi na kisu, kwa sababu wa kujilinganisha naye hawaishi. Ukiinua hapa utaona tumbo, ukikaza tumbo utaona shingo. Kama maumivu yamefika mahali mtu hali, halali, hakaribiani na mumewe, aende kwa mtaalamu wa nafsi kwanza. Na kama baada ya hapo madaktari wawili wa kuaminika, wasiopokea senti ya upasuaji huo, watasema ulegevu wake umepita kawaida ya umri wake na unamdhuru, basi amfuate mwanachuoni kwa hali yake binafsi. Siwezi kumfungia mlango kwa makala ya jarida.

Niliuliza pia, mume amesema nini? Akaniambia hajasema neno. Neno lilikuwa la shemeji yake mmoja katika mazungumzo ya wanawake, pamoja na picha anazotumiwa kwenye simu. Nikamwambia ampigie mumewe amweleze, akaona aibu, hatimaye akafanya hivyo. Mume alinyamaza, kisha akauliza vitu viwili: bei, na kama kunauma. Hakuwa akijua kwamba mke wake amebeba mzigo huo miaka minne. Alichoamua dada baada ya hapo ni baina yake na Mola wake na mumewe. Ada ya chuo ameilipa.

Kaka zangu, sasa ni zamu yenu, na nitasema kwa ukali kidogo kwa sababu mimi ni mama yenu kwa umri.

Mafakihi wa madhehebu yetu wamezihesabu aibu za mwanamke zinazompa mume haki ya kuivunja ndoa: wendawazimu, ukoma, barasi, na kuziba kwa njia ya uzazi kwa nyama au mfupa. Wamehesabu wakamaliza. Titi lililonyonyesha halimo. Kwa hiyo mume anayemwambia mkewe kwamba amezeeka, amelegea, amekuwa kama nyanya yake, anamlaumu kwa kitu ambacho sharia haikukiita aibu, na ambacho ameshiriki kukileta. Sura Luqman, aya ya 14, imetaja jinsi mama anavyombeba mtoto katika udhaifu juu ya udhaifu, na kumwachisha katika miaka miwili, ikaunganisha hapo hapo shukrani kwa Mwenyezi Mungu na shukrani kwa wazazi. Udhaifu huo umeandikwa mwilini mwake. Wewe unayemlaumu ulinyonya wapi?

Na mkisema mnafuata sunna, basi itazameni nyumba ya Mtume (s.a.w.). Ummu Salama (r.a.) alikuwa mjane wa Abu Salama, mwenye watoto, na mdogo wao Zaynab alikuwa bado ananyonya. Alipoposwa alitoa nyudhuru zake: ana wivu, ana watoto, umri umekwenda. Mtume (s.a.w.) akamjibu kwamba kwa umri, hata yeye umempata kama ulivyompata. Akamwoa. Imepokewa kwamba siku za mwanzo akija humkuta amempakata Zaynab anamnyonyesha, naye huona haya akarudi zake, mpaka Ammar bin Yasir akatambua akaenda kumchukua mtoto. Huyo ni mbora wa viumbe, mlangoni pa mke wake mpya, anaondoka polepole ili asimkatize mtoto ziwa. Nami ninawajua vijana wa chuo hiki wanaoandika kwenye simu zao orodha ya vipimo vya mwili wa mke wanayemtaka.

Mume akiamrisha upasuaji usio na haja ya kitabibu, mke hana wajibu wa kutii. Ule mlango wa Bukhari unatosha. Na akimtishia mke wa pili kwa sababu hiyo, ajue kwamba ruhusa ya wake wengi imefungwa na sharti la uadilifu, na anayeanza kwa kumdhalilisha wa kwanza ameshaonyesha uadilifu wake ulipo.

Yapo mambo madogo yaliyobaki kwa dada ambaye hali yake inamruhusu. Titi ni aura, na aura haifunuliwi ila kwa haja na kwa kiasi cha haja. Atafute kwanza daktari mwanamke Mwislamu, asipompata, mwanamke asiye Mwislamu, na akikosa, mwanamume, na awepo mumewe au mwanamke mwaminifu. Wanafunzi wa udaktari wa IUIU hapa Kibuli, akina dada, nawaomba baadhi yenu muifikirie fani hii ya upasuaji. Ni fardhi ya kutosheleza, na wakikosekana wa kuifanya sote tuna hesabu.

Kliniki nyingi hupiga picha kabla na baada ya upasuaji. Kwa faili la matibabu, kwa kadiri ya haja, inaweza kukubalika. Kwa matangazo, hapana, hata kama uso umefichwa. Usome karatasi unayotia sahihi, maana ruhusa hiyo mara nyingi imefichwa mstari wa chini, na uikate kwa kalamu.

Usichukue mkopo wa riba kwa ajili ya hili. Aliye na haja ya kitabibu na hana fedha, zipo njia za halali za kusaidiwa, zikiwemo zaka akiwa ni miongoni mwa wanaostahiki.

Baada ya upasuaji, kidonda kikiwa kimefungwa na daktari amekataza maji, utaoga sehemu zilizo salama, utapangusa juu ya bendeji kwa maji kama hakuna madhara, na utatayamamu kwa ajili ya sehemu iliyofunikwa. Sala zilizokupita ukiwa umelala kwa nusukaputi utazilipa ukizinduka. Ukishindwa kusujudu kwa sababu ya mishono, utasali ukiwa umekaa na kuashiria kwa kichwa, na sijida utaiteremsha zaidi ya rukuu.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.